Santuri za Ami, Gari la Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mkunazini, nyumba uliijua kwa sauti yake kabla ya kuijua kwa mlango wake. Ungeweza kupita uchochoro kwa uchochoro umefumba macho na usipotee. Mchi ukitwanga bizari, hapo ni kwa Bi Zuwena. Watoto wakipiga kelele badala ya kusoma msahafu, hapo ni chuoni, na mwalimu ametoka kwenda kutawadha. Vikombe vya muuza kahawa vikigongana, umefika kwenye kona ambayo upepo wa pwani hugeuka ghafla na kukupiga usoni. Na ukisikia cherehani inakimbia, halafu inasimama, halafu sauti ya mwanamke wa Misri inapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mtungi kichwani, basi umefika kwetu. Cherehani ilisimama kwa sababu Ami Salum hakuwahi kushona wimbo ukifika pahala pake pazuri. Suruali za watu zilingoja.

Nyumba ilikuwa ya Bibi. Bibi alizaliwa Makunduchi, akaolewa mjini, akazaa wana wawili, na wote wawili aliwaweka humo humo pamoja na wake zao. Mkubwa ni Baba, Khamis, mrefu na mwembamba, fundi wa mitambo bandarini, ambaye mikono yake ilinuka mafuta hata siku ya Idi. Mdogo ni Ami Salum, mfupi, mnene, fundi cherehani, aliyenuka udi na kitambaa kipya cha marekani. Sisi tulikaa upande wa kisima, wao upande wa mlango mkubwa, na katikati palikuwa na ua ulio wazi, wenye kamba ya nguo na kipande cha mbingu juu yake. Ami alikuwa na binti, Rahma, wa rika langu. Mimi na Rahma tulilala kitanda kimoja, tulikula sinia moja, na akikosa mmoja tulipigwa wawili.

Sijui siku hizi watu huchaguaje wanachokipenda. Naona hufuata wenzao. Sisi kila mtu alizuka na lake, na hakuna aliyejua kalitoa wapi.

Ami alipenda santuri. Alizipanga ndani ya sanduku la mbao, zimesimama wima, na baina ya kila moja na mwenziwe ametia kipande cha kitambaa alichobakisha kwenye kazi. Kabla ya kupiga wimbo alinawa mikono, akaifuta santuri kwa mviringo, akazungusha mpini wa gramafoni, akaitua sindano kwa vidole viwili huku amezuia pumzi. Nasi tulizuia pumzi. Alikuwa nazo za Misri, za Bombay, na za waimbaji wetu wa hapa Unguja, na alizijua kwa mikwaruzo yake, kama mama anavyowajua watoto wake kwa makovu.

Baba hakuusikia muziki huo. Wimbo wa Misri ulipofika nusu alikwisha kulala, mdomo wazi. Yeye alipenda gari. Wala si gari lolote, alipenda magari ya mashindano ya zamani, yale ya kabla ya vita, marefu pua na mafupi mkia. Alizikata picha zake kwenye magazeti ya Wazungu yaliyotupwa bandarini na kuzibandika ukutani kwa uji wa mhogo, mpaka mende wakaja kula uji na magari pamoja. Basi Mzungu mmoja alipokuwa anarudi kwao kwa meli, akiwa na gari la namna hiyo, bovu, ambalo hakuna aliyelitaka, alimwachia Baba kwa bei ya bure. Lilikuwa la kijani, la viti viwili, halina paa, magurudumu yake yana njiti nyembamba kama ya baiskeli.

Siku lilipokuja mtaa mzima ulitoka. Baba alilisukuma na wenzake tangu bandarini, uso unang'aa kama bwana harusi. Walipofika kwenye uchochoro wetu, gari likaingia pua, likakwama. Wakalirudisha nyuma, wakajaribu kwa upande wa pili, likakwama. Mtu ambaye alipita uchochoro ule maisha yake yote, na ambaye bandarini alipima vyuma kwa unywele, hakuwahi kufikiri kwamba gari lake halitaenea kwenda kwao.

"Mwanangu," Bibi alimwambia kutoka dirishani, "umenunua gari au umenunua jirani?"

Likawekwa Darajani, kwenye uwanja wa rafiki yake, limefunikwa magunia. Tangu hapo Baba akawa analileta nyumbani vipande vipande. Leo kabureta, kesho taa, keshokutwa kiti kizima, ambacho mimi na Rahma tulikikalia ua mzima ukawa barabara.

Watoto nao tulikuwa na yetu. Mimi nilikusanya picha za viberiti, za simba, za meli, za mwanamke mwenye mwavuli. Rahma alikusanya vifungo vilivyoanguka chini ya cherehani ya baba yake. Tulivitia vyote ndani ya bati moja la biskuti, tukawa tunabadilishana, na kila Ijumaa tukitoka kula urojo tulivimwaga mkekani kuviangalia upya, kana kwamba vimezaliwa wiki ile. Jioni tulicheza nage mpaka mpira wa matambara ukapasuka. Tuliimba nyimbo za filamu za Kihindi tusizojua hata neno moja lake, na tulilia pale pale alipolia mwimbaji. Mama, ambaye aliipenda taarab ya hapa kwetu peke yake, alisema tunalia msiba tusioalikwa. Bibi alizichukia zote sawasawa. Alisema gramafoni ni sanduku lililommeza mtu, na akaanza kuimba ngoma za kwao kwa sauti kubwa zaidi kulishinda.

Na kelele yote ile ilikuwa amani. Hatukuijua mpaka ilipotoka.

Ilitoka kwa sababu ya harusi ya Mbweni. Ami aliombwa apeleke santuri zake huko zikapigwe wageni wakikaa kula. Hilo kwake lilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza alikwenda kusikilizwa na watu wa heshima, si mimi na Rahma na paka. Baba, aliyekuwa amelitia gari uhai wiki ile ile, akasema, "Salum, tukupeleke. Leo gari langu na sanduku lako vimepata kazi moja." Wakaondoka baada ya adhuhuri, wamekaa bega kwa bega, sanduku limefungwa kamba nyuma ya viti.

Njiani gari likazima. Baba akaingia chini yake, na Baba akiwa chini ya gari saa si saa. Ami akakaa kwenye kivuli cha mti wa mkungu, anajipepea na kofia. Hakuna aliyelikumbuka sanduku, limeachwa juani, chini yake bati la gari lina moto kama kikaango. Walifika Mbweni alasiri. Wageni wamekaa, sinia zimepangwa, gramafoni imewekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Ami akanawa mikono, akafungua sanduku. Santuri zilikuwa zimejikunja kama papadi.

Angelifunga sanduku akaomba radhi, yangelikwisha hapo. Lakini Ami alikuwa na imani na santuri zake. Akaichagua iliyopinda kidogo, akaitia. Sindano ikapanda mlima, ikashuka bonde, na yule mwanamke wa Misri, ambaye sauti yake ilikuwa ikitutoa machozi, akalia kama ngamia. Wageni wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Ami alirudi kwa miguu kutoka Mbweni mpaka mjini, sanduku kichwani, hakutaka kupanda.

"Jua limefanya, si mimi," Baba akasema.

"Jua lilikuwa safarini na gari lako," akasema Ami, na hilo ndilo neno lao la mwisho ana kwa ana kwa miezi mingi.

Baba alikuwa amempa Ami turubai zuri, la kijivu, amshonee paa la gari. Wiki ile paa halikushonwa. Ami alilikata turubai, akalishona, akalitia vifungo na kamba, likawa mfuko wa santuri, zile chache zilizosalimika. Akautundika mfuko huo uani, pale Baba anapopita kwenda kisimani. Baba alipouona alisimama. Alikuwa anarudi na ndoo imejaa. Maji yalimwagika miguuni mwake na hakuyasikia.

Basi zikaja siku za kununa. Wenzangu mliokulia nyumba za watu wengi mnazijua. Wakubwa hawasemezani, na watoto hugeuka kuwa posta.

"Zuhura, mwambie ami yako kanzu yake iko kwenye kamba yangu." Na ami yangu amesimama hapo hapo, anamsikia.

Nami ningeanza, "Ami, Baba anasema..."

"Nimesikia. Rahma, mwambie ami yako kamba ni ya mama."

"Mwambie mama hakumpa yeye."

"Mwambie wala yeye hakupewa."

Mama na mama yake Rahma waliendelea kupika pamoja, wakipeana vitunguu na kucheka chini kwa chini, kwa kuwa wao hawakuolewa kugombania magari. Lakini gramafoni ilinyamaza. Sasa cherehani ilikimbia moja kwa moja bila kusimama, suruali za watu zikawa tayari kabla ya siku yake, na wateja wakaanza kuuliza kama mtu anaumwa.

Halafu Baba akaleta mawe.

Yaliletwa kwa punda, yakamwagwa uani, na mapipa ya chokaa pamoja nayo. Akamwita mwashi. Alitaka ukuta ukate ua katikati, sisi huku, wao kule. Ami hakukataa. Alitoa kichwa dirishani akamwambia Rahma amwambie ami yake kwamba ukuta uwe mrefu. Wote wawili, kwa ghadhabu, hawakuona lile ambalo hata sisi watoto tuliliona. Kisima kingebaki kwetu na mlango ungebaki kwao. Wao wasingekuwa na maji, na sisi tusingekuwa na pa kutokea.

Ila hilo halikuwa linaloniuma. Usiku tulilala tumekumbatiana, mimi na Rahma, tukapanga nani atalala wapi, na ikawa hatuwezi kusema. Tukalimwaga bati mkekani kugawana. Rahma alishika kifungo cha lulu akaniuliza, "Hiki ni changu au chako?" Hatukukumbuka. Tulikuwa tumesahau kitambo kipi cha nani. Tukarudisha vyote ndani na kulifunga, na Rahma akasema, "Nitamwambia Bibi."

Bibi alikuwa anajua. Alikuwa amekaa kimya siku zote zile, anachambua mchele, anawatazama wanawe kama mtu anayetazama sufuria. Asubuhi iliyofuata aliwaita.

"Khamisi!"

"Naam, mama."

"Salumu!"

"Naam, mama."

Wakaja, wamesimama mbali mbali, kila mmoja anatazama jiwe lake.

"Mawe nimeyaona," akasema. "Mwashi nimemwambia arudi baada ya Mwaka. Mwaka huu nnakwenda kwetu kuukoga, na nyote mnakwenda nami. Kwetu sisi mtu akiwa na donge na mwenziwe haliweki rohoni likaoza. Huchukua mgomba akampiga nao mbele ya watu, mwaka mpya ukaingia roho nyeupe. Nendeni mkapigane mkome. Mkirudi bado mwataka ukuta, jengeni, nami nitawashikia taa."

Nakwambia, nyuso zao ziling'aa. Baba alijipima mkono. Ami alijipima tumbo. Wote wawili walizaliwa mjini. Mwaka Kogwa waliusikia kwa mama yao tangu wadogo, lakini hawakuwahi kuingia uwanjani. Walichojua ni kwamba kuna pande mbili, ya kusini na ya kaskazini, watu wanachapana kwa mashina ya mgomba, na hakuna kukasirika baadaye. Kwa mtu aliyenuna miezi, hiyo ilikuwa kama kualikwa karamu.

Siku ya safari Bibi alitangaza kuwa atapanda gari la Baba. Mama alijaribu kumkataza. "Bi mkubwa, halina paa."

"Paa lake liko uani limejaa nyimbo," akasema Bibi, "nami sina wakati wa kulingoja." Akaketi, akajifunga buibui kidevuni, akashika mlango kwa mikono miwili. Sisi wengine, na Ami, tulipanda basi la shamba, lile la mbao, na mikungu ya ndizi na majogoo miguuni.

Tunguu gari la Baba lilitupita, honi inalia, buibui la Bibi limejaa upepo nyuma yake kama anataka kuruka. Basi zima lilishangilia. Ami alitazama upande mwingine. Kwenye msitu wa Jozani tukalipita sisi. Limekufa barabarani, Baba kichwa chini ya boneti, na Bibi amekaa wima kitini pake, anawatazama kima juu ya miti nao wanamtazama. Dereva akasimama, wanaume wakashuka kusukuma. Ami hakushuka.

"Salumu!" Bibi akaita.

"Naam, mama."

"Huji kusukuma?"

"Natunza nguvu zangu, mama. Nna kazi nazo huko."

Basi zima likacheka. Baba alitoa kichwa, uso mweusi kwa masizi, na nilivyomwona nilijua kwamba hata yeye anatunza.

Makunduchi ilikuwa imejaa. Sijaona watu wengi vile tangu nizaliwe. Wanawake wamevaa kanga mpya mbili mbili, zinakwaruza kwa ugumu, harufu ya asmini na ya wali wa nazi inatoka kila nyumba. Mtu hakuulizwa katoka wapi. Nyumba isiyopata mgeni siku ile iliona haya, na sisi tulivutwa mikono mpaka tukala mara mbili kabla ya kufika kwa ndugu yake Bibi, Babu Makame. Tulimshika mkono, "Shikamoo, Babu," naye "Marahaba, marahaba," huku anawapima wapwa zake kwa jicho. Alikuwa mmoja wa wazee waliosimamia uwanja. Bibi alimnong'oneza kitu. Akaitikia kwa kichwa.

Wakati ulipofika, Baba na Ami walivua nguo zao nzuri wakavaa kuukuu, wakafunga viuno, wakachukua kila mmoja shina lake la mgomba. Rahma alinishika mkono. Kucha zake ziliniingia. Tulikuwa tumekubaliana, mimi na yeye, kwamba baba yeyote atakayeshinda sisi hatutashangilia.

Baba akaenda kusimama kusini. Ami akatazama alipo Baba, kisha akavuka uwanja mzima, polepole, watu wote wanamwona, akasimama kaskazini. Akageuka. Akalinyanyua shina lake.

"We Salumu!" Sauti ya Babu Makame ilikata uwanja. "Wenda wapi huko?"

"Nimechagua upande, Mjomba."

"Umechagua?" Mzee aliwageukia wenziwe kama hakusikia vizuri. "Amechagua! Kwani mpira huu? Mama yako wa kusini, wewe wa kusini. Rudi kwenu!"

"Lakini Mjomba, kaka yuko huko."

"Ndiyo. Na wewe ukae huko."

"Mimi nimekuja kumpiga yeye!"

Hapo uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Wazee walishikana mabega. Wanawake walidaka maneno yale yale wakayatia kwenye ngoma papo hapo, wakaimba wakipiga makofi:

*Kaja na donge la mjini,*
*kumbe adui ni kaka yake!*
*Mwenye gari na ashuke,*
*aje ale vumbi na mwenziwe!*

Ami alisimama, shina mkononi, masikio mekundu. Niliogopa ataondoka kama alivyoondoka Mbweni, kwa miguu, mpaka mjini. Babu Makame akamfuata, na hakupaza sauti tena, ila sisi tulikuwa karibu tukamsikia.

"Sikiliza, baba. Hapa ndugu wa nyumba moja hawagawanywi. Wana wawili wa kusini hutokea kupigana na wana wawili wa kaskazini. Akiwa mmoja peke yake, hapigani, hukaa na watoto. Kaka yako amesimama pale peke yake. Wataka akae na watoto?"

Ami aliutazama uwanja. Baba alikuwa amesimama katikati ya vumbi, mrefu, mwembamba, ameshika mgomba kama anavyoshika kamba ya meli, na kwa upande wa kaskazini walikuwa wanatoka ndugu wawili, wavuvi wa pweza, mabega yao mapana kama milango ya Mkunazini. Baba hakumwita. Lakini alijisogeza kidogo kushoto, kama mtu anayempa mwenziwe nafasi kwenye benchi.

Ami akaenda. Hakumtazama. Akasimama kwenye ile nafasi, akampa mgongo, na mgongo wake mnene ukafika kwenye kiuno cha Baba.

Walipigwa. Sitawaficha. Walipigwa kipigo ambacho Makunduchi walikisimulia mpaka mwaka uliofuata. Mgomba hauvunji mfupa, lakini una maji, na ukikupata unalia kama kofi la nyangumi. Baba alirusha mkono kwa mahesabu, kama anayefunga skrubu, na kila alipomaliza hesabu alikuwa ameshapigwa. Ami alifumba macho na kuzunguka. Kila walipoachana wakapigwa zaidi, na kila waliporudi mgongo kwa mgongo wakapumua, mpaka wakajifunza bila kuambiana kutoachana. Halafu Baba akateleza akaanguka. Mmoja wa wale ndugu akanyanyua shina, na Ami, ambaye kwa miezi hakulitamka jina la kaka yake, alijitupa juu yake na tumbo lake lote, akayapokea mapigo yeye.

Filimbi ikalia. Vumbi likashuka. Walikuwa chini, mmoja juu ya mwenziwe, wamelowa maji ya migomba.

"Kaka," tukamsikia Ami, "umeumia?"

"Mgongo. Na uzito wako."

Ami akajisogeza pembeni.

"Umepigana kama gari lako," Ami akasema. "Nusu safari, umezima."

"Na wewe umejikunja kama santuri zako."

Sikujua watu wazima wanaweza kucheka vile. Walicheka wakashindwa kuinuka, wakashikana wainuke wakaanguka tena, na wale wavuvi wa pweza ndio waliokuja kuwavuta, nao wanacheka bila ya kujua wanachekea nini. Rahma alikuwa analia. Nikamuuliza unalilia nini na yamekwisha. Akasema, "Kwa sababu yamekwisha."

Wakati wa kurudi Bibi alikataa gari. "Mimi nshalipanda, nshaona. Salumu, kaa wewe." Akapanda basi pamoja nasi, na alipoketi alishusha pumzi ndefu, akalala mpaka mjini kichwa begani mwa Mama. Wao tuliwapita Jozani, na tena Tunguu. Ami alikuwa anasukuma.

Mwashi alikuja na timazi na uzi wake, akasimama uani. "Ukuta uanzie wapi?" Baba akamtazama Ami, Ami akamtazama Baba, kila mmoja akingoja mwenziwe aone haya. Mwishowe Baba akasema kwamba ukuta ubaki huo huo kwa urefu, lakini uwe mfupi wa kimo, mtu aukalie. Ikawa baraza ndefu katikati ya ua. Asubuhi Baba alitandaza juu yake vyuma vya gari, jioni Ami alizianika santuri mpya alizokuwa akizipata moja moja, na siku moja moja walipogombania nafasi, waligombana mdomo kwa mdomo, hawakututuma.

Msidhani walibadilika. Ami alikufa hapendi harufu ya petroli. Baba mpaka mwisho alilala wimbo ukifika nusu. Hakuna aliyemfundisha mwenziwe kupenda alichokipenda, wala hakujaribu. Lakini Baba alijifunza kulala pale pale barazani, karibu na gramafoni, badala ya kwenda kulala ndani.

Siku hizi nina wajukuu wawili, kaka na dada, Saidi na Nasra. Mmoja anakusanya viatu vya raba asivyovivaa, amevipanga kabatini mwake kama vyombo vya harusi. Mwingine ana nyimbo elfu mfukoni na wala hazichukui nafasi ya kibiriti. Kila mmoja ana muziki wake masikioni, ukikaa nao sebuleni utadhani uko na wagonjwa wa meno, vichwa vinatikisika na sauti hapana. Uchochoro wa Mkunazini ukipita leo umefumba macho utagonga mtalii. Na wakigombana, hawa wangu, hawahitaji mtoto wa kupeleka maneno. Wanafungiana simu, basi, kidole kimoja, ukuta umesimama, hakukuja punda wala mwashi. Sisi tulinuniana tukisikiana kikohozi. Tulijua mwenzetu amelala saa ngapi, ameamka na hasira au ameamka na njaa. Wao wanaweza kununa mwaka na mtu wa chumba cha pili na wasijue kuwa amekonda.

Lakini sitawalaani. Nimewaangalia wakidhani sioni. Saidi akipita mlangoni kwa dada yake hupunguza mwendo. Nasra husikia zile raba zinavyolia sakafuni, akatoa kifaa kimoja sikioni, akangoja, kisha akakirudisha. Wanataka. Hawajui tu pa kuanzia, na mimi simu hizo siziwezi.

Jana niliwaambia kwamba mwaka huu tunakwenda Makunduchi. Saidi aliuliza kama ni kweli mtu anaruhusiwa kumpiga yeyote anayemtaka. Nasra akauliza kama kuna ngoma ya wanawake yenye matusi, na kama mtu anaweza kutunga yake. Nikaona nyuso zao zinavyong'aa, nikanyamaza. Kwamba wote wawili ni wa kusini, hilo nimewaachia wakaambiwe kule, mbele za watu.